Mai Mulele: neno lililofika Uvira bila mwenyewe

Mwezi wa tano mwaka 1964, muji wetu wa Uvira ulianguka mikononi mwa waasi ambao wengi wao hawakuwa na bunduki. Walikuwa na mikuki, mapanga, fimbo, na maji. Askari wa serikali, wenye bunduki na magari, walikimbia. Wazee wetu wanaieleza habari hii kwa kifupi sana, kama vile kila mtu anaielewa tayari: "Walikuja na Mai Mulele." Basi, wanaendelea na mambo mengine. Na mtoto anayesikiliza anabaki na picha ya mtu mmoja anayeitwa Mulele, anashuka mu pleni ya Ruzizi na ndoo ya maji mkononi.

Lakini Pierre Mulele hakukanyaga huku wakati wa vita ile. Aliyekuwa waziri wa elimu katika serikali ya Lumumba mwaka 1960, akaenda kujifunza vita vya porini China, akarudi 1963 kwao Kwilu, upande wa magharibi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Uvira. Uasi wake ulianza kule mwezi wa kwanza 1964. Huku kwetu mambo yalipangwa na watu wengine: Baraza la Ukombozi lililoundwa Brazzaville mwezi wa kumi 1963 lilimtuma Gaston Soumialot Bujumbura mwanzoni mwa 1964, na kutoka Bujumbura, muji ambao taa zake tunaziona usiku tukiwa tumekaa kandokando ya ziwa, akapata vijana mu pleni, wengi wao Wafulero chini ya mzee Musa Marandura. Vijana hao walikuwa na malalamiko yao wenyewe, ya huku huku. Hawakuwa wamemwona Mulele. Wengi hawakujua sura yake. Hata hivyo walipokimbilia risasi walipiga kelele jina lake.

Jina linawezaje kusafiri hivyo bila mwenye jina? Nimekuwa nikizungusha swali hili kichwani toka nimalize lisansi yangu ya kilimo, na nitawaeleza ni kwa nini mtu wa kilimo anajiingiza mu historia.

Katika somo la kueneza ujuzi kwa wakulima, tulifundishwa habari ya mahindi ya Iowa, kule Marekani. Wale mulio fanya agronomia munaikumbuka. Watafiti wawili, Ryan na Gross, waliandika mwaka 1943 jinsi mbegu mpya ya mahindi chotara ilivyoenea kwa wakulima 259. Ilichukua zaidi ya miaka kumi mpaka karibu wote waikubali. Na jambo walilogundua ni hili: wengi walisikia habari ya mbegu kwanza toka kwa muuzaji, lakini aliyewashawishi kuipanda ni jirani. Unaona shamba la jirani, unaona mahindi yamesimama wakati ukame umelaza ya kwako, mwaka kesho unaomba mbegu. Wazo linaenea kwa sababu limejaribiwa mbele ya macho ya watu.

Mwalimu alichora ule mustari unaopanda polepole, halafu kwa haraka, halafu unatulia. Sisi tukanakili. Mimi nikawa ninawaza: mahindi mazuri yalichukua zaidi ya miaka kumi kuenea katika vijiji viwili vya wakulima wenye kusoma. Mai Mulele ilitoka pleni ya Ruzizi mwezi wa nne, Uvira mwezi wa tano, Albertville (Kalemie ya leo) mwezi wa sita, Kindu mwezi wa saba, Stanleyville (Kisangani) mwanzoni mwa mwezi wa nane. Miezi minne, miguu na malori, bila redio kwa watu wengi. Na kitu kilichoenea hakikuwa kitu unachoweza kukijaribu kwanza pembeni ya shamba. Kukijaribu ni kusimama mbele ya bunduki.

Tuangalie basi hiyo dawa ilikuwa nini hasa. Kijana alichanjwa, mara nyingi ku paji la uso au kifua, akapakwa unga wa dawa, akanyunyizwa maji na mganga. Tangu hapo alikuwa Simba. Risasi ikimfikia itageuka maji. Lakini, na hii "lakini" njo moyo wa jambo lote, alipewa miiko. Asiguse mwanamke. Asiibe. Asishikane mkono na mtu asiyepokea dawa. Vitani asigeuke kuangalia nyuma wala pembeni, aende mbele tu, akipiga kelele "Mai Mulele". Asiogope.

Mimi ninapoisoma orodha hiyo ninaona vitu viwili pamoja. Cha kwanza, ni sheria ya jeshi. Uko na vijana mia tatu wasio na mafunzo, wasio na mishahara, wenye njaa. Utawazuia namna gani wasiibe mbuzi za raia na wasiguse mabinti wao? Utawafanyaje waende mbele bila kutawanyika? Hakuna afisa mwenye uwezo huo, ila mwiko unaweza. Wale wanaocheka dawa ya Simba kama ujinga wa watu wa pori hawajafikiri kazi iliyofanya.

Cha pili ni cha hatari zaidi. Miiko inalifunga wazo lisijaribiwe. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka ziwa akitoka Kigoma, akafika Kibamba, upande wa Fizi, tarehe 24 mwezi wa nne, na Wacuba wenzake wakafuata, mpaka wakazidi 100. Walijipa majina ya Kiswahili kwa hesabu, yeye akawa Tatu. Katika maandishi yake ya vita hiyo alieleza dawa vizuri kuliko wengi: inakinga, ila si kwa aliyeogopa, aliyeiba, au aliyelala na mwanamke. Basi aliyekufa alikuwa mmojawapo wa hao. Na wafu hawasemi. Nani atabisha kwamba hakuogopa, wakati hofu iko mu moyo wa kila mtu siku ya mapigano? Baada ya kushindwa kule Bendera, tarehe 29 mwezi wa sita, lawama ilimwangukia mganga. Mganga hafai, aletwe mwingine. Dawa yenyewe haikuguswa.

Hapo ndipo mahindi ya Iowa na maji ya Mulele yanaachana njia. Mahindi yakishindwa, mkulima anasema mbegu ni mbaya. Maji yakishindwa, wanasema mtu ni mbaya. Wazo la namna ya pili haliwezi kuuawa na matokeo, kwa sababu kila tokeo baya limeshaandaliwa jibu kabla halijatokea.

Tena kulikuwa na jambo lingine lililosaidia: askari wa serikali nao waliamini. Walikuwa watoto wa nchi hiyo hiyo, wamelelewa na bibi wale wale. Waliposikia Simba wanakuja na maji, waliacha vituo kabla ya risasi kutoka. Kwa hiyo kila muji uliotekwa bila mapigano ulikuwa "ushahidi" kwa muji uliofuata. Wazo lilijifanya kuwa kweli kwa kuaminiwa na pande mbili. Lilikwama lilipokutana na watu wasiokuwa ndani ya mazungumzo hayo: mamluki wa kizungu, ndege zilizorushwa na Wacuba waliomkimbia Castro (ndiyo, Wacuba walikuwa pande zote mbili za vita yetu, dunia ni ya ajabu), na askari wa miavuli wa Ubelgiji walioshuka Stanleyville tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1964.

Nilimuuliza mzee mmoja wa Sange, aliyepokea dawa akiwa kijana wa miaka kama kumi na saba, kama kweli aliamini. Akacheka. "Mwanangu, wakati wa kukimbia mbele niliamini. Wakati wa kukimbia nyuma sikupata nafasi ya kufikiri."

Sasa inatubidi kuvuka ziwa na kurudi nyuma, kwa sababu wasomaji wa Kiswahili wanaosoma neno "maji" na "risasi" pamoja hawafikirii Congo kwanza. Wanafikiria Maji Maji ya Tanganyika, wakati wa Wajerumani. Mwaka 1905, katika vilima vya Umatumbi karibu na mto Rufiji, watu walikuwa wanalazimishwa kulima pamba kwa faida ya wengine. Huko Ngarambe alitokea Kinjikitile Ngwale, akisema amechukuliwa na pepo Hongo, akatoa maji yaliyochanganywa na nafaka, ambayo yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Kabla ya vita habari ilipita chini kwa chini, mdomo kwa sikio. Wenyewe waliita njwiywila, mnong'ono. Watu walitembea siku nyingi kwenda Ngarambe kuchukua. Halafu wajumbe wakaanza kuyabeba kwenda kwa makabila mengine, na kila yalipofika yalibadilika kidogo: miiko mingine ikaongezwa, namna ya kuyatumia ikawa nyingine.

Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 mwezi wa nane 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Muangalie kilichofuata. Tarehe 30 ya mwezi huo huo maelfu ya watu walishambulia boma la Mahenge wakiwa na imani ya maji, na bunduki za rashasha zikawalaza chini. Ungoni waliingia vitani baada ya mwenye neno kuwa kaburini. Vita iliendelea mpaka 1907, na hesabu za wanahistoria za waliokufa, wengi kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, zinaanzia 75,000 na kufika 300,000. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake ya Kinjeketile, mwaka 1969, aliliona jambo hili hili: neno linamzidi aliyelisema, na hata akitaka hawezi tena kulirudisha.

Je, Mai Mulele ni mtoto wa Maji Maji? Wengi wanapenda kusema ndiyo, moja kwa moja, kwa sababu inapendeza: maji yamevuka ziwa. Mimi siamini kwamba ni mnyororo mmoja. Kati ya 1905 na 1964 ni karibu miaka sitini, na dawa za kukinga vita ziko katika kila kona ya sehemu hizi, kila kabila na waganga wake. Ila siamini pia kwamba ni bahati tu.

Hapa nitatumia lugha ya shambani. Munajua striga, ile Watanzania wanaita kiduha, yenye maua mazuri na inayonyonya mahindi na mtama. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Zinaweza kulala udongoni miaka 10 na zaidi, hazioti, hata mvua ikinyesha. Zinaamka pale tu mizizi ya mmea zinaoutaka inapotoa kemikali fulani udongoni. Mkulima anasema, "Mwaka jana shamba lilikuwa safi, nani ameniletea hii?" Hakuna aliyeleta. Ilikuwepo. Kilicholetwa ni mzizi.

Mizizi ya 1905 tunaijua: pamba ya lazima, kiboko, kodi. Huku kwetu Wabelgiji waliweka mazao ya lazima kisheria toka 1917, na mu pleni ya Ruzizi zao mojawapo lilikuwa pamba hiyo hiyo. Uhuru wa 1960 ulipokuja, watu walingoja maisha yabadilike. Baada ya miaka minne walichoona ni wakubwa wapya mu nyumba za wakubwa wa zamani, na Lumumba amekwisha kuuawa. Udongo ule ule, mzizi wa namna ile ile. Mbegu ilikuwa imelala.

Jina nalo lilikuwa na bahati ya lugha. Kwa Kiswahili chetu cha Congo tunasema mai au mayi, na kwa Lingala ni mai vilevile. Neno fupi ambalo mtu wa Bumba na mtu wa Baraka wanalielewa bila mkalimani! Fikiria kama ingekuwa neno la Kifulero peke yake. Lingefika mwisho wa pleni likakaa hapo. Mawazo yanafuata barabara za lugha, kama vile ndagala zinavyofuata barabara mpaka Bukavu.

Mulele mwenyewe aliuawa Kinshasa mwezi wa kumi 1968, baada ya kuahidiwa msamaha. Neno likalala tena. Katika miaka ya 1990 likaamka Kivu likiwa limepoteza jina lake la pili: Mai-Mai. Tangu vita ya 1996, na zaidi baada ya 1998, kila eneo likapata lao. Mwezi wa kumi 2002, askari wa Rwanda walipoondoka, Mai-Mai waliteka Uvira kwa siku chache. Nilikuwa mtoto mdogo sana, ninachokumbuka ni mama kutuvutia chini ya kitanda. Miaka hii jina linalosikika zaidi ni Wazalendo.

Hapa nitasema mawazo yangu, na mtu asiyekubali aniambie. Katika kila kunakili, jina na maji vilivuka vizuri. Miiko haikuvuka vizuri. Kwa Simba wa mwanzo, aliyeiba mbuzi alikuwa amejiua mwenyewe, na alilijua hilo. Baadaye, katika makundi mengi, kukawa na vizuizi barabarani, kodi ya soko, kuku wa raia, mabinti wa raia, na maji yakabaki yamefungwa shingoni ndani ya kichupa. Kwa nini? Kwa sababu jina ni jepesi kubeba na mwiko ni mzito. Mtu anayenakili wazo anachukua kwanza sehemu inayompa nguvu, anaacha ile inayomfunga. Mwanabiolojia Richard Dawkins, aliyetunga mwaka 1976 neno "meme" kwa mawazo yanayojinakili kama jeni, alisema linaloenea zaidi ni lile linalojua kunakiliwa, si lazima lile lenye faida kwa anayelibeba. Mtu wa Uvira hahitaji kwenda Oxford kulisikia hilo, lakini nilifurahi kuona limeandikwa.

Na sasa simu. Mwaka 1905 kupokea neno kulikutaka utembee siku nyingi kwa miguu. 1964 kulikutaka uchanjwe ngozi. Leo kunataka mega chache. Sisi tuliosoma ndio wenye simu nzuri na ndio tunaotuma zaidi, tusijidanganye. Mwenzetu mmoja tuliyekaa naye oditwari moja, kijana mwenye akili, alinitumia sauti ya dakika mbili ikisema kuna vijana wa Fizi ambao risasi "haiwaingii". Wiki ile ile akanitumia nyingine ikisema familia fulani za mtaani, za kabila fulani munalolijua, zimeficha silaha ndani ya nyumba. Nikamuuliza amejuaje. Akanijibu: "Ukiona redio hazisemi, ujue ni kweli." Nikamwambia labda ni uongo. Akaniuliza toka lini mimi nimekuwa msaliti.

Niliyasoma majibu hayo mawili mara nyingi. Ndiyo ile miiko. Redio zikikanusha, ni kwa sababu wamenunuliwa. Nyumba ikipekuliwa na silaha zisionekane, wamezihamisha. Anayeuliza, ameogopa au ameuza nchi. Wazo limeshaandaa majibu yake yote kabla hujafungua mdomo. Tofauti na 1964 ni kwamba miiko ile ilimfunga mwenye kubeba maji, ilimkataza kuiba na kugusa. Hii ya leo inamfunga mwenye kuuliza peke yake, na aliyetuma anabaki huru kabisa. Wanaolipa ni jirani waliotajwa ndani ya ile sauti. Huku kwetu tumeshaona watu wanapigwa barabarani kwa sababu ya pua na urefu wao, na hatuhitaji kusoma kitabu ili kujua jambo hilo linafika wapi.

Rafiki yule si mtu mbaya. Alinitumia kwa upendo, ili nijikinge. Hata ugonjwa wa mozaiki wa mihogo unafika shambani kwako kwa njia hiyo: jirani mwema anakupa bure miti ya kupanda, majani bado yanaonekana mazima.

Yule mzee wa Sange nimeendelea kumtembelea, kwa sababu nilitaka kuandika miiko yote ya Simba kabla wenye kuikumbuka hawajaondoka. Siku ya kwanza alinihesabia mitano kwa vidole. Niliporudi ikawa saba. Mara ya tatu mmoja wa ile ya mwanzo ulikuwa umetoka, na mahali pake kumeingia mwingine ambao binti yake, aliyekuwa anachambua sombe pale mlangoni, alisema si wa Simba hata kidogo, ni wa kanisani kwao. Wakabishana. Nimeandika yote mawili mu kaye yangu, na tarehe pembeni.